MAFUTA YA TURKANA: Hesabu inayotenganisha mafuta na gesi, na jinsi inavyomhusu mwananchi

KILA inapotangazwa kwamba kisima fulani kina uwezo wa kutoa mapipa kadha wa kadha ya mafuta kwa siku, wengi huchukulia kwamba mapipa hayo yalikuwa yamelala ardhini yakingoja kutekwa, mithili ya maji ya kisima cha kijijini.

Ukweli ni tofauti. Kilichomo chini ya ardhi ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, nyepesi kwa nzito, uliobanwa na shinikizo kubwa na kutiwa joto kwa mamilioni ya miaka. Mchanganyiko huo unapopanda juu, shinikizo hupungua, halijoto hushuka, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi. Kinachosalia kikiwa kiowevu ndicho kinachoingia katika hesabu ya mapipa.

Je, ni kiasi gani kitakachokuwa gesi na ni kiasi gani kitakachobaki kuwa mafuta? Wahandisi wa petroli hujibu swali hilo kwa kutumia nambari iitwayo uwiano wa msawazo wa mvuke na kiowevu, ambayo katika vitabu vyao huandikwa kwa herufi K.

Nambari hiyo haisikiki katika hotuba za wanasiasa wala haijadiliwi katika mikutano ya hadhara. Hata hivyo, pipa ndilo kipimo cha kugawia mapato. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imeweka kwamba katika fungu la faida linaloiendea Serikali, asilimia 20 ni ya kaunti yanakotoka mafuta na asilimia tano ni ya jamii ya eneo hilo. Mapipa yakipungua kwa sababu ya hesabu mbaya au mitambo iliyopangwa visivyo, fungu la mfugaji wa Lokichar nalo hupungua.

Mfano wa mtungi wa jikoni

Hakuna haja ya kusafiri hadi Turkana ili kuielewa K. Mfano wake umo katika mamilioni ya nyumba nchini: mtungi wa gesi ya kupikia.

Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi sehemu kubwa yake ni kiowevu, na juu ya kiowevu hicho pana nafasi iliyojaa mvuke. Molekuli hazitulii. Kila wakati nyingine huruka kutoka kwenye kiowevu na kuingia katika mvuke, na nyingine hurejea. Zinazotoka zinapokuwa sawa kwa idadi na zinazorudi, wanasayansi husema kwamba pande hizo mbili zimefikia msawazo.

Propani ni nyepesi na ina hamu kubwa ya kuruka. Katika nyuzi 20 za selsiasi, propani tupu iliyofungiwa ndani ya mtungi hutoa shinikizo kamili la takriban baa 8.4. Butani, ambayo ni nzito zaidi, hutoa takriban baa 2.1 tu. Baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa tunayovuta ufuoni Mombasa.

Sasa tuchukue mtungi ambao kiowevu chake ni nusu propani na nusu butani, tukihesabu idadi ya molekuli wala si kilo. Mwanakemia wa Ufaransa, Francois-Marie Raoult, alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba kila kijenzi huchangia shinikizo kulingana na wingi wake ndani ya kiowevu. Hivyo basi propani itachangia nusu ya 8.4, yaani baa 4.2, na butani nusu ya 2.1, yaani baa 1.05. Jumla ni baa 5.25.

Katika hizo baa 5.25, sehemu ya propani ni asilimia 80 na ya butani ni asilimia 20. Kwa maneno mengine, ijapokuwa kiowevu kina vijenzi hivyo viwili nusu kwa nusu, katika kila molekuli 10 za mvuke ulio juu yake, nane ni za propani.

Hapo ndipo K inapozaliwa. K ya kijenzi chochote ni fungu lake katika mvuke likigawanywa kwa fungu lake katika kiowevu. Kwa propani ni 80 kugawa kwa 50, yaani 1.6. Kwa butani ni 20 kugawa kwa 50, yaani 0.4.

Kijenzi chenye K iliyozidi moja hupendelea kuwa mvuke, na chenye K iliyo chini ya moja hupendelea kubaki kiowevu. Kile ambacho K yake ni moja hakipendelei upande wowote.

Kwa nini moto hufifia

Nambari hizo mbili zinatosha kueleza mambo kadhaa ambayo watumiaji wa gesi hulalamikia.

Kwa kuwa kinachotoka kwenda kwenye jiko ni mvuke, na mvuke huo una propani nyingi, propani hutangulia kupungua mtungini. Kadiri siku zinavyosonga ndivyo kiowevu kinavyozidi kuwa cha butani. Shinikizo nalo hushuka polepole likielekea baa 2.1.

Katika maeneo ya baridi kama vile Limuru, Nyahururu na Kinangop, hali huwa mbaya zaidi alfajiri. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, ilhali propani huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri. Baridi inapozidi, K ya kila kijenzi hupungua na butani hukaribia kukataa kabisa kutoka. Mpishi huona moto umefifia na kudhani ameuziwa gesi pungufu, kumbe bado kuna kiowevu mtungini.

Aidha, uvukizaji wenyewe hula joto. Gesi ikitumiwa kwa wingi, mtungi hupoa hadi kutokwa jasho kwa nje au hata kuganda umande, na mtungi uliopoa hutoa mvuke kidogo zaidi.

Baadhi ya watu hujaribu kuukwepa ufifiaji huo kwa kuulaza mtungi chini au kuutia katika maji yanayochemka. Yote mawili ni hatari. Mtungi ukilazwa, kiowevu huweza kuingia kwenye mpira badala ya mvuke, na kiowevu hicho kikitoka hupanuka mara zaidi ya 200 kinapogeuka gesi. Maji yanayochemka nayo huweza kupandisha shinikizo kupita kiasi.

Mnunuzi anayetaka kuhakikisha hajapunjwa asitegemee nguvu ya moto, kwani shinikizo halitegemei wingi wa kiowevu bali hutegemea halijoto na mchanganyiko wake. Mtungi wenye lita moja na wenye lita kumi za kiowevu kile kile huonyesha shinikizo lile lile. Dawa ni mizani: pima mtungi, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa kwenye chuma chake.

Kuna jambo jingine lililo zito zaidi. Mtungi haujazwi hadi pomoni. Kiowevu huachwa kichukue takriban asilimia 80 ya nafasi ili mvuke upate pa kukaa. Mjazaji asiyefuata kanuni akiujaza wote, msawazo tuliouzungumzia hautakuwapo tena. Jua likiwaka, kiowevu hutanuka bila nafasi, na shinikizo hupanda kwa kasi isiyo na uhusiano wowote na zile baa tano au nane. Taifa liliona ukali wa gesi hii usiku wa Februari 1, 2024, pale mlipuko ulipotokea mtaani Embakasi, Nairobi, ukaua watu na kujeruhi mamia.

Kutoka jikoni hadi kisimani

Kisima cha mafuta kinafuata kanuni zile zile, ila vijenzi vyake ni vingi mno. Kuna methani iliyo nyepesi kupita zote, kisha ethani, propani, butani, pentani, heksani, na baada ya hapo msururu mrefu wa haidrokaboni nzito hadi nta na lami. Kwa kuwa haiwezekani kuzitaja zote, maabara huzikusanya zile zinazoanzia heptani kwenda juu katika kundi moja au makundi machache, na kuyapa makundi hayo sifa za wastani.

Mafuta yanapotoka kisimani huingizwa katika chombo kikubwa kiitwacho kitenganishi. Humo, kwa shinikizo na halijoto iliyochaguliwa na mhandisi, gesi hupanda juu na mafuta hutuama chini.

Tuchukue kitenganishi chenye shinikizo la baa 10 na halijoto ya nyuzi 40. Kwa kutumia kanuni ya makadirio iliyotolewa na Grant Wilson mwaka 1968, K ya methani hapo ni takriban 38, ya propani 1.4, ya butani 0.38 na ya heksani 0.04. Methani itakimbilia upande wa gesi karibu yote. Heksani itabaki katika mafuta. Propani na butani ndizo zinazosimama njia panda, na ndizo zinazoamua iwapo mwenye kisima atapata mapipa zaidi au pungufu.

Kanuni ya Wilson inahitaji mambo matatu tu kuhusu kila kijenzi: halijoto yake ya upeo, shinikizo lake la upeo, na kipimo kinachoonyesha jinsi umbo la molekuli zake linavyotofautiana na mviringo. Shinikizo la chombo likipunguzwa mara 10, K iliyokadiriwa hupanda mara 10. Ile butani yenye K ya 0.38 kwenye baa 10 huwa na K ya 3.8 kwenye baa moja. Iliyokuwa ikipendelea mafuta sasa inapendelea gesi.

Hesabu ya kugawa

Kuijua K pekee hakutoshi. Mhandisi anataka kujua katika kila molekuli 100 zinazoingia kitenganishini, ngapi zitatoka kwa juu na ngapi kwa chini.

Turudi kwenye mchanganyiko wetu wa propani na butani, nusu kwa nusu, katika nyuzi 20. Tuseme tumeupunguzia shinikizo hadi baa 4.2. Sasa K ya propani ni 8.4 kugawa kwa 4.2, yaani 2, na ya butani ni 2.1 kugawa kwa 4.2, yaani 0.5.

Mafungu ya kiowevu lazima yajumlike kuwa moja, na ya mvuke vivyo hivyo. Kwa masharti hayo kuna jibu moja tu: kiowevu kiwe na theluthi moja ya propani na theluthi mbili za butani, na mvuke uwe na theluthi mbili za propani na theluthi moja ya butani. Ili jumla irudi kuwa nusu kwa nusu, sharti molekuli 50 ziwe mvuke na 50 ziwe kiowevu.

Msomaji anaweza kuhakiki mwenyewe. Theluthi mbili ya 50 ni 33.3 na theluthi moja ya 50 ni 16.7; jumla ni propani 50, kama tulivyoanza.

Mchanganyiko huo ukibanwa kupita baa 5.25, wote huwa kiowevu. Ukilegezwa chini ya takriban baa 3.4, wote huwa mvuke. Ni kati ya mipaka hiyo miwili tu ambapo pande zote mbili huishi pamoja, na ni humo tu ambamo hesabu ya kugawa ina maana.

Vijenzi vikiwa viwili, kalamu na karatasi zinatosha. Vikiwa 10 au 20, hutumika mlinganyo uliochapishwa na Henry Rachford na J.D. Rice mwaka 1952, walipokuwa wakitafuta njia ya kuifanyisha hesabu hiyo mitambo ya kompyuta ya wakati huo. Mlinganyo wao ungali unatumika hadi leo katika programu za kampuni za mafuta duniani kote. Kompyuta hukisia fungu la mvuke, hukagua kama hesabu inasawazika, hurekebisha kisio lake, na kurudia hadi kosa lipotee.

Ngazi badala ya mruko

Faida kubwa ya hesabu hii huonekana katika kupanga vitenganishi.

Mtu asiyejua angeshusha shinikizo kwa mkupuo, kutoka la kisimani hadi la hewa ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba methani yote hufumka kwa pamoja wakati ambapo K za propani, butani na pentani nazo zimepanda juu ya moja. Gesi hiyo nyingi huondoka imebeba vijenzi vya kati ambavyo vingeweza kuuzwa vikiwa ndani ya mafuta.

Mhandisi mwenye busara hushuka kwa ngazi. Katika kitenganishi cha kwanza shinikizo huwa bado juu, kwa hiyo methani huondoka ilhali butani, ambayo K yake ingali chini ya moja, hubaki. Shinikizo linaposhushwa tena katika kitenganishi cha pili na cha tatu, gesi iliyobaki ni kidogo na haina uwezo wa kubeba mengi. Mwishoni pipa hujaa zaidi, na mafuta huwa mepesi na yenye bei nzuri.

Kila ngazi, hata hivyo, ni mtambo wa ziada na gharama ya ziada. Swali la ni ngazi ngapi na kwa shinikizo gani hujibiwa kwa kulinganisha matokeo ya hesabu za K na bei ya chuma.

Mafuta ya Lokichar

Mafuta yaliyogunduliwa na kampuni ya Tullow katika kisima cha Ngamia-1 mnamo Machi 2012 yana tabia yake. Yana nta nyingi na gesi kidogo. Yakipoa huganda, na ndiyo maana katika mradi wa majaribio ulioanza Juni 2018 yalisafirishwa kwa malori yenye matangi ya kuhifadhi joto hadi Mombasa. Shehena ya kwanza ya zaidi ya mapipa 200,000 iliondoka bandarini humo Agosti 2019. Mwaka 2025 Tullow ilifikia makubaliano ya kuiuzia kampuni ya Gulf Energy maslahi yake nchini.

Kwa kuwa gesi yake ni kidogo, faida ya kuongeza ngazi za vitenganishi si kubwa kama ilivyo katika visima vyenye gesi nyingi. Lakini K haijatoka katika hesabu. Mafuta yanayolazimika kutiwa joto ili yatiririke ni mafuta ambayo K za vijenzi vyake vyepesi zimepandishwa. Tangi la moto lisilofungwa vyema hupoteza butani na pentani hewani, na kile kinachopotea ni ujazo wa pipa na pia ni moshi unaoweza kushika moto.

Kwa sababu hiyo, mafuta hutulizwa kabla ya kupakiwa: vijenzi vyepesi huondolewa kwa mpango hadi mvuke wake usiwe tishio kwa lori wala kwa meli. Gesi inayotolewa huweza kutumiwa kuendesha mitambo na kupasha mafuta joto, badala ya kuchomwa bure angani.

Mipaka ya nambari

Kanuni za Raoult na Wilson zina mipaka. Zinaaminika katika shinikizo la chini, ambapo molekuli ziko mbalimbali na hazijaliani sana. Katika kina cha ardhi, K ya propani haitegemei tena shinikizo na halijoto pekee. Inategemea pia ni nani majirani zake.

Jambo hilo lilidhihirika Donald Katz na K.H. Hachmuth walipochapisha mwaka 1937 vipimo vya K katika mchanganyiko wa mafuta ghafi na gesi asilia. Shinikizo linapopanda sana, K za vijenzi vyote, vyepesi na vizito, huanza kukaribiana zikielekea moja. Zikifika moja zote, mvuke na kiowevu huwa kitu kimoja na hakuna tena cha kutenganisha.

Kwa hali hizo wahandisi hutumia milinganyo ya hali, ambayo asili yake ni tasnifu ya Mholanzi Johannes van der Waals ya mwaka 1873. Inayotumika zaidi ni ule wa Giorgio Soave wa mwaka 1972 na ule wa Ding-Yu Peng na Donald Robinson wa mwaka 1976, uliotoka Chuo Kikuu cha Alberta, Canada. Kompyuta huanza na K za Wilson kama kisio, hugawa mvuke na kiowevu kwa mlinganyo wa Rachford na Rice, kisha hukagua kama hamu ya kila kijenzi kutoroka ni sawa pande zote mbili. Ikiwa si sawa, K hurekebishwa na kazi huanza upya.

Lakini hakuna mlinganyo unaoweza kuponya sampuli mbovu. Chupa ya mafuta iliyochukuliwa kisimani baada ya gesi kuanza kuponyoka haiwakilishi tena kilichomo ardhini, na kila hesabu itakayofuata itakuwa na dosari hiyo, hata programu ikiwa ghali kiasi gani.

Maswali ya kuuliza

Wabunge, madiwani na wakazi hawahitaji kuijua milinganyo hiyo ili kusimamia rasilmali yao. Wanahitaji kuuliza maswali yanayostahili.

Kwanza, pipa linalotajwa limepimwa katika hali gani? Pipa moja ni takriban lita 159, na desturi katika biashara ya mafuta ni kulihesabu katika nyuzi 60 za farenhaiti, ambazo ni kama 15.6 za selsiasi, na shinikizo la kawaida la hewa. Pipa lililopimwa likiwa moto na lingali na gesi ndani yake litakuwa limesinyaa likifika sokoni.

Pili, sampuli zilichukuliwa lini, na ni maabara gani iliyozipima? Tatu, vitenganishi vimepangwa kwa shinikizo gani, na nani alikagua kwamba mpango huo unatoa mapipa mengi iwezekanavyo? Nne, gesi inayotengwa inakwenda wapi, na nani anaipima?

Majibu ya maswali hayo yote yamo katika ripoti za kiufundi ambazo kila mwendeshaji wa kisima huwa nazo. Asilimia 20 ya kaunti na asilimia tano ya jamii zitakokotolewa kutokana na mapipa yaliyomo katika ripoti hizo.